Siku Damu Yangu Ilipokataliwa

Damu yangu imetembea kuliko mimi. Sijui imefika wodi zipi, imeingia kwa nani, wala imeondoka na nani kurudi mkoa gani, ila najua haikubaki Boko. Mie nimebaki. Kwenye kibaraza changu kuna cherehani, redio, stuli ya mteja na kopo la vifungo, na kutoka hapo hadi duka la kona ndiyo safari yangu ya kawaida. Nikipitiliza duka, mke wangu huuliza kama nimemuaga mjumbe.

Nashona sare za shule. Nilifika kidato cha nne, nikapata matokeo ambayo marehemu mama yangu aliyapokea kwa kusema, "Haya, angalau umerudi mzima," nikakaa kwenye cherehani na ni kama sijainuka tangu hapo. Sina gari, sina cheo, sijapanda ndege. Mtaani wakigawana kazi za kamati, mie napewa ya kutunza viti, kwa kuwa kila mtu anajua nitakuwepo. Kwa hiyo siku niliyopeleka sketi kwenye shule moja nikakuta watu wa kukusanya damu wameweka hema uwanjani, nikaingia kwa ajili ya kivuli na soda, kisha nesi akaniambia kundi langu ni O na kwamba ni damu ambayo watu wengi wanaweza kuipokea, nilirudi nyumbani mtu mwingine kabisa. Maneno mazuri namna hiyo sikuwa nimeambiwa tangu nitahiriwe.

"Watu wengi wanaweza kuipokea?" mke wangu aliuliza. "Mbona mwenye nayo tunampokea kwa shida?"

Acha aseme. Tangu siku hiyo nikawa naenda kila muda wangu unapofika, shati limepigwa pasi, kucha zimekatwa, kama naenda kuposa. Wengine wana majumba, wengine wana digrii ukutani. Mie nina mshipa mzuri kwenye mkono wa kushoto, manesi wanausifia.

Sasa nimtaje mtani wangu, maana bila yeye haya yote yasingetokea.

Ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Yeye kwao ni nyanda za juu, mie asili yangu kusini, na kabila lake na langu ni watani tangu mababu walipopigana hadi wakachoka, wakaona heri watukanane. Mtani akikutukana hununi. Ukinuna umeshindwa, na ukishindwa utasimuliwa hadi kwa wajukuu. Ni wakala wa kutoa mizigo bandarini, ofisi yao iko Kurasini kule kwenye malori na makontena, na nadhani sauti yake ameipata kwa kushindana na honi. Jioni akishuka kwenye kigari chake hatoi salamu. Anasema, "Wewe mla nyani, umeshindaje?" Na mie bila kuinua macho kwenye pindo najibu, "Salama, wewe ambaye babu yako alikimbia vita akasahau mke." Hapo ndiyo tumesalimiana. Siku akinisalimu vizuri nitajua kuna msiba.

Na siku hiyo ilifika. Alikuja asubuhi, akasimama kwenye kibaraza mikono nyuma, akasema, "Habari za asubuhi, kaka."

Nilisimamisha cherehani. "Nani?"

"Shemeji yako."

Mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mpole, mwenye maneno machache ambayo yote yana kazi. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, na ule uvimbe ulikuwa unammwaga damu mwezi hadi mwezi, mpaka viganja vyake vikawa vyeupe kama chaki anayoandikia. Alishaanguka darasani mbele ya watoto. Upasuaji ulikuwa umepangwa ukaahirishwa, kwa sababu hospitali ilikuwa haina damu ya kutosha kumpeleka chumba cha upasuaji mtu aliyekauka vile. Sasa walikuwa wamempangia tena, keshokutwa yake, na daktari alishamwambia mtani wangu wazi: ndugu walete wachangiaji, la sivyo anaahirishwa tena, na hali aliyonayo haihimili kuahirishwa tena.

"Mimi wamenikataa," akasema. "Presha. Mdogo wangu anatumia dawa. Yule mwingine ametoka kuumwa malaria. Nimebaki na wewe." Akaisogeza stuli ya mteja bila kuikalia. "Wewe na hiyo O yako unayotusumbua nayo mtaa mzima."

Hata hakumaliza. Nilikuwa nimeshaingia ndani kutafuta shati. Nikamsikia mke wangu akimwambia kule nje, "Mwache apige pasi. Hata nyumba ikiungua, huyu akiitwa kutoa damu atapiga pasi kwanza." Lakini alikuja chumbani, akainyoosha kola yangu mwenyewe, akasema, "Mwambie shemeji tunakuja jioni na uji." Nilitoka pale kifua mbele. Mtu wa kutunza viti nimehitajika na mtu.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwenye habari ya chapati.

Kwetu Boko bado kuna vichaka kuzunguka mashimo ya zamani ya kuchimba mawe, na humo wanakaa tumbili. Wanakuja kwa ajili ya mapapai. Miezi mitatu kabla ya hayo, siku chache tu baada ya kutoa damu mara ya mwisho, nilikuwa kibarazani nashona, kando yangu sahani yenye chapati moja ya mwisho, ile ambayo mtu unaiacha makusudi ili uifurahie. Tumbili akashuka ukutani, akakaa kwenye stuli ya mteja kwa adabu zake zote, akaniangalia kama anayetaka kupimwa suruali, halafu akaishika chapati. Mtu mwenye akili angeiachia. Mie niliushika upande wa pili. Tukavutana. Sijui nilikuwa nafikiria nini; nilikuwa nafikiria chapati. Yeye hakuwa na muda wa kuvutana, aliniuma chini ya kidole gumba, akaondoka na chapati nzima, hata kile kipande changu nilikiachia kwa mshtuko.

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini, kisha alipoona damu aliacha kucheka. Aliuosha mkono wangu kwa sabuni na maji ya bomba kwa muda mrefu, akanikokota zahanati, nikachomwa sindano za kichaa cha mbwa, na nikarudishwa tena na tena mpaka zikaisha. Mtani wangu wakati huo alikuwa kwao msibani. Aliporudi alikuta bandeji mkononi mwangu na watoto wa mtaa wakisimulia habari ya chapati, akaichukua habari hiyo akaifanya yake. Kwa maelezo yake, yule hakuwa tumbili wa kawaida bali ni mjomba wangu aliyekuja kudai urithi, chapati ilikuwa ni mahari ambayo ukoo wetu haukumalizia, na bandeji ni ya kuombea huruma tu. Aliisimulia bandarini, kanisani, harusini. Nilishawahi kupita dukani nikasikia mtu nisiyemjua akiniita mpwa wa tumbili. Nami sikununa, sheria ni sheria, nikaongeza na ya kwangu: kwamba mjomba aliniambia kwenye urithi ule mtani wetu naye ana fungu lake. Basi ikazungushwa hivyo mtaani kwetu hadi ukweli wenyewe, kwamba mnyama aliniuma mkono, ukamezwa na kicheko. Hata mie mwenyewe nilikuwa siukumbuki ila kwa kuchekeshwa.

Njia nzima kwenda hospitali nilikuwa nawaza shati.

Mahali pa kutolea damu palikuwa kona ya chumba iliyozibwa kwa pazia. Nesi alikuwa mama wa makamo, miwani imeshikiliwa kwa kamba shingoni. Alinipima presha, nzuri. Akanichoma kidole kupima wingi wa damu, mzuri. Nikamwonyesha mshipa wangu kabla hajauomba. Kisha akaanza maswali: nimelala vizuri, nimekula, natumia dawa, nimechanjwa chale karibuni, na yale mengine ambayo mtu mzima unayajibu ukiwa unaangalia dirishani. Mtani wangu alikuwa ameambiwa asubiri nje, lakini wasiwasi ulikuwa umemtoa adabu, kila baada ya swali kichwa chake kilikuwa kinapenya kwenye pazia.

"Umewahi kuumwa au kukwaruzwa na mnyama?" nesi akauliza. "Hasa jamii ya nyani, kima, tumbili? Au kuchuna nyama za porini?"

Kichwa kikapenya. "Sista, hapo sasa umefika kwenyewe! Hawa kwao nyani ni mboga!"

Alikuwa anacheka yule, lakini kicheko cha mtu anayetetemeka. Utani ulimtoka kama kikohozi, nadhani ndiyo kitu pekee ambacho mdomo wake ulikuwa unajua kufanya akiniona mie. Nesi aliinua kichwa, akavua miwani.

"Unasema wanakula nyani?"

"Aa, sista, natania. Huyu ni mtani wangu."

"Wewe unatania, sawa. Mimi hapa siwezi kupima utani." Akanigeukia. "Haya kaka, mwenzio keshasema lake. Ukweli ni upi?"

Ilikuwa ni wakati huo ndipo nilipoikumbuka chapati.

Niliangalia kidole changu. Kilikuwa kimepona vizuri, alama mbili ndogo tu, ungeweza kusema ni sindano ya cherehani. Juu yetu, ghorofani, shemeji alikuwa amelala na viganja vyake vyeupe. Nyuma ya pazia alikuwepo mumewe ambaye alikuwa amebaki na mimi tu. Nilikuwa mzima, presha nzuri, mshipa mzuri, nimepiga pasi. Neno moja tu, "hapana," na ningekuwa shujaa kabla ya adhuhuri.

"Nyani sijala," nikasema, "hata kwenye sufuria ya mtu sijamwona. Lakini tumbili ameniuma."

Nje ya pazia mtani wangu alipasuka kicheko, safari hii cha kweli, cha mtu aliyepata ahueni. "Unaona, sista! Analipiza! Hiyo stori ni yangu mie, nimeitunga mwenyewe! Mwambie na habari ya mjomba na urithi!"

"Kaka," nesi akaniambia, "mnanichezea au?"

Nikamnyooshea mkono. Aliuvuta karibu na taa, akavaa miwani, akabonyeza palepale penye alama. Nikamweleza kila kitu, sabuni, zahanati, sindano. Kadiri nilivyokuwa naeleza, kicheko kule nje kilipungua, kikawa pumzi, kisha kikawa kimya. Pazia likafunguka lote. Mtani wangu alisimama pale akiangalia mkono wangu kana kwamba anauona mara ya kwanza, na kwa kweli ilikuwa mara ya kwanza.

"Kweli alikuuma?"

"Bandeji ulidhani ya nini?"

"Nilidhani..."

Nesi aliuachia mkono wangu taratibu. Sauti yake ilikuwa imelainika, lakini uso haukulainika. "Damu tunaipima," akasema. "UKIMWI tunapima, homa ya ini tunapima, kaswende tunapima. Ila hawa wanyama wana virusi vyao, wanavibeba wenyewe bila kuumwa, na vingine vinaweza kumhamia mtu kwa njia ya jino kama hilo. Hata UKIMWI ulitoka kwa jamaa zao kabla haujawa wetu. Sisemi unacho kitu. Nasema sina mashine ya kuniambia kwamba huna. Kwa mambo ya namna hiyo, kipimo nilichonacho hapa ni mdomo wako tu."

"Na sindano nilizochomwa?"

"Za kichaa cha mbwa. Ni kitu kingine."

"Kwa hiyo pengine nina, pengine sina."

"Pengine kabisa huna. Lakini anayewekewa damu ni mtu aliyelala hoi, huwezi kwenda kumjaribishia pengine." Akaiweka kando ile mipira yake ya kutolea damu, ile ambayo ilikuwa iwe yangu. "Leo hatuchukui. Utamwona daktari akueleze zaidi. Na ahsante kwa kusema, kaka. Wengi wangetikisa kichwa tu."

Nilitoka pale na pamba kwenye kidole kilichopimwa, mshipa wangu haujaguswa. Sikupewa hata soda.

Nje, karibu na mabomba ya kunawia, mtani wangu alinishukia. Hakuwa anatania. "Ungenyamaza tu! Kidole kimepona! Nani angejua?"

"Nikanyamaza, damu ikapanda ghorofani kwa shemeji?"

"Si lazima iende kwake. Wanaiweka huko kwenye mafriji yao, wanampa nyingine."

"Basi iende kwa shemeji wa mtu mwingine."

Akaegemea ukuta, akateleza hadi akachuchumaa, yule mtu wa sauti ya malori. "Nimekutangaza mji mzima," akasema akiangalia chini. "Kumbe uliumwa kweli."

Mie si mzoefu wa mtani aliyeshindwa; inatisha kama kuona jogoo amenyeshewa. Na huku nikajikuta, katikati ya aibu ile ya kukataliwa, nina kitu kifuani ambacho sikukitegemea. Mara zote nilizotoa damu nilijivunia kitu nilichozaliwa nacho, ambacho hata mbuzi anacho. Lakini lile neno la kweli nilikuwa nimelitoa mwenyewe.

"Inuka," nikamwambia. "Twende Temeke."

"Temeke kuna nini?"

"Kuna wala nyani wengine."

Tulipita na kigari chake, Kurasini malori yamejipanga hadi barabarani, akapita mbele ya ofisi yake bila hata kuangalia. Mie nilishika mkanda kwa mikono miwili. Ilikuwa muda mrefu sijafika upande ule wa mji na nilishangaa kwamba bado upo.

Shangazi yangu anakaanga mihogo mbele ya nyumba yake, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana cha watu wa kwetu. Ana sauti ambayo simu kwake ni pambo tu. Alituona tukishuka, akaacha mwiko ndani ya mafuta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi mkeo kakufukuza. Wewe hutoki Boko kwa jambo jingine." Akamtazama mwenzangu. "Na huyu bwana?"

"Ndiye yule mtani."

"Ahaa!" Akajishika kiuno, na akina mama wawili waliokuwa wakimenya mihogo wakasogea karibu wasikose. "Huyu ndiye anayesema tunakula nyani? Karibu, baba, leo tumepika. Mbona umenyong'onyea? Au umesikia harufu ya babu yako jikoni?"

Nilimtazama. Ilikuwa zamu yake kujibu, na jibu zuri lilikuwepo, mie mwenyewe nililiona. Mtani wangu alisema, "Mama, shikamoo. Leo sina utani. Mke wangu..."

Shangazi alifuta mikono kwenye khanga. Alimvutia kigoda. "Kaa, mwanangu," akasema, kwa sauti ambayo mie sijawahi kuisikia ikielekezwa kwangu. "Mkeo ana nini?"

Alieleza. Nami nikaeleza sehemu yangu, pazia, swali, tumbili. Nilipofika kwenye kusema ukweli nilipunguza mwendo kidogo ili wasikie vizuri. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umezaliwa na akili basi, zilikuwa zimejificha," na kwa shangazi yangu hiyo ni medali.

Akasimama, akaita. Simu ilipigwa na akina mama wale, lakini nina hakika wengi walimsikia yeye. Alasiri ile uani walijaa: wauza samaki, fundi magari, dada mmoja wa saluni, mabinamu ambao sikuwa nimewaona tangu msiba wa mwisho na ambao wote waliniuliza nani kafa. Shangazi alisimama mbele yao kama mwalimu wa zamu.

"Mtani wetu ana mgonjwa," akasema. "Kesho asubuhi tunakwenda kutoa damu. Sasa nisikilizeni. Kule mtaulizwa mambo. Kila atakayeulizwa ajibu lililo kweli. Aliyeumwa na mnyama aseme. Aliyechuna nyama ya porini aseme. Mwenye mambo yake mengine ya usiku, hayo atamwambia nesi, mie sitaki kuyajua."

Kicheko kikapita. Jamaa mmoja mwembamba, fundi magari, akanyoosha mkono. "Shangazi, mimi msimu wa kilimo nilikwenda nyumbani. Tuliwatega wale kima wanaomaliza mahindi. Mimi ndiye niliyekuwa nachuna, tunawapa mbwa. Nilijikata kisu mle mle kwenye kazi."

Watu wote wakamgeukia mtani wangu, na macho yote yalikuwa yanasema: haya, chakula hicho, kimeletwa sahanini. Mtu asema mbele yako kwamba amechuna kima! Katika maisha yake yote ya utani hatapewa tena mpira kama ule. Mtani wangu aliinuka kwenye kigoda, akamfuata yule jamaa, akampa mkono.

"Ahsante, braza," akasema. "Ahsante kwa kusema."

Kesho yake walijipanga kwenye benchi la hospitali wamevaa kama wanaokwenda harusini. Kumbe shati la pasi ni ugonjwa wa ukoo. Mie na fundi magari tulikaa kwenye benchi letu pembeni, waliokataliwa, tukiangalia. Yeye alikuwa amesisitiza kuingia na kumwambia nesi mwenyewe, na nesi alimshukuru akamtoa. "Nimemwambia na habari ya kisu," akanieleza akikaa. "Usifikiri nimekataliwa kirahisi kama wewe. Wewe ni chapati, mie ni shambani."

Waliingia mmoja mmoja. Pazia lilikuwa jepesi, tuliwasikia wote. "Umewahi kuumwa na nyani, kima, tumbili?" "Sijawahi." "Umewahi kuumwa au kukwaruzwa na..." "Sijawahi, nesi." Muuza samaki mmoja, mama mnene mwenye dhahabu jinoni, alisema, "Mie nimewahi kung'atwa na mume tu, na niliacha kumpa nafasi." Nesi alicheka hadi tukamsikia akitafuta miwani. Mtani wangu hakupenyeza kichwa. Alikuwa korido nzima anakimbia: huyu kampa pochi ashike, huyu kamtuma maji, huyu kamwambia ampepee, na yeye anapepea. Walimtumikisha kisawasawa, kama inavyotakiwa mtani atumikishwe siku ya shida yake, na kila aliyetoka na pamba mkononi alimwambia neno. "Sasa mkeo atajua kupika mihogo." "Sasa mkeo akikutukana, vumilia, ni sisi tunaongea." Alikuwa anaitikia tu, "Ndiyo, mama. Ndiyo, dada." Macho yake mekundu.

Si wote walichukuliwa. Mmoja damu ilikuwa kidogo, mwingine presha. Lakini waliochukuliwa walitosha, daktari mwenyewe alikuja kusema wametosha. Niliangalia lile benchi, watu wangu wale ambao miaka yote ninawakwepa kwa kisingizio cha sare za shule, na nikaona kama nimezaliwa upya na ndugu wazima wazima.

Shemeji alipelekwa chumba cha upasuaji siku iliyofuata kama ilivyopangwa. Tulikaa nje, mie, mke wangu na mtani. Hakuna aliyetania. Mke wangu alinishika mkono, jambo ambalo hadharani hulifanya tu tukivuka barabara kubwa. Ilipita muda nisioweza kuupima, kisha daktari akatoka akishusha barakoa, akasema uvimbe wameutoa, damu alipungukiwa katikati ya kazi lakini ilikuwepo ya kumwongezea, na sasa amelala vizuri. Mtani wangu alikaa sakafuni hapohapo, kwenye suruali yake ya ofisini, akalia kwa sauti bila kujificha. Nilikaa naye chini. Suruali yangu nimeishona mwenyewe, haikulalamika.

Jumapili saa ya kuona wagonjwa tuliruhusiwa kuingia. Shemeji alikuwa ameegemea mito, viganja vimeanza kurudi rangi. Aliuliza nani wametoa, mumewe akamweleza, kwa urefu, kila mmoja kwa kazi yake, muuza samaki, dada wa saluni, wote. Alisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi anayesoma vizuri. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, kaka? Nilisikia ulikuja wa kwanza."

"Nilikuja. Walinikataa."

"Kwa nini?"

"Tumbili."

Alianza kucheka, nyuzi zikamuuma, akashika tumbo, akaacha, akaanza tena. "Kumbe ilikuwa kweli? Na ukasema?"

"Nilisema."

Alinitazama kwa muda, mwalimu yule, mpaka nikaanza kuangalia kitasa cha dirisha.

"Ahsante kwa kuninyima," akasema.

Nimetoa damu mara nyingi, na waliowekewa hawanijui, wala sijawahi kutaka wanijue. Wa kwanza kunishukuru uso kwa uso ni yule niliyemnyima. Mke wangu anasema nilitoka wodini nikitembea kama mtu aliyevaa suti iliyomkaa, na kwamba lazima nilimgonga mlinzi kwa kifua. Sikumgonga. Alinipisha.